Kifua Wazi, Dakika Nzima

Kikohozi kinadanganya. Mtoto anaweza kukohoa usiku kucha hadi jirani akagonga ukuta, asubuhi ukamkuta anakimbizana na kuku. Mwingine akakohoa mara mbili tatu kwa unyonge, akawa ndiye aliyemo hatarini. Wanaoijua kazi ya kutambua nimonia kwa watoto hawakitegei sana sikio kikohozi. Wanatazama kifua. Wanataka nguo ipandishwe, mtoto atulie mapajani pa mama yake, saa iwe mkononi, kisha chumba kizima kinyamaze kwa dakika moja.

Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, na napenda kuusifia Kuluba, kwa sababu huko ndiko unakodhihirika uzito wake. Kuluba iko wilaya ya Koboko, West Nile, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda, pale nchi inapobanwa kati ya Kongo na Sudan Kusini. Ukifuata barabara ya lami kutoka Arua ukaipita Koboko mjini, unafika Oraba, na Uganda imekwisha. Ng'ambo ni Kaya, Sudan Kusini. Pale Salia Musala, mahali nchi tatu zinapogusana, si mbali. Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mipaka hiyo, na mipaka hawakuichora wao. Sokoni utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kiaringa, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala cha wachuuzi waliotoka Ariwara, Kongo, na Kiswahili kilicholetwa na askari, wafanyabiashara na wakimbizi, kikabaki kwa sababu kina kazi ya kufanya.

Sasa mweke muuguzi katikati ya lugha hizo. Mama amevuka mpaka jana usiku, mtoto yuko mgongoni. Anaulizwa kikohozi kilianza lini, anajibu kwa lugha ambayo mkalimani anaielewa nusu. Hospitali ya Rufaa ya Arua, yenye eksirei na madaktari wa watoto, iko zaidi ya kilomita 50. Maelezo ya ugonjwa, ambayo vitabu vya udaktari huyaita nusu ya utambuzi, yanafika yakiwa yamekatika vipande. Kifua cha mtoto, lakini, hakihitaji mkalimani.

Watu wamevuka hapa kwa zamu. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, ni watu wa West Nile waliokimbilia Sudan na Zaire, wengi wakakaa miaka mingi upande wa Yei, kusini mwa Sudan ya wakati huo. Vita vya Juba vya Julai 2016 vilipoenea Ekwatoria, safari ikageuka, watoto wa Yei wakaja huku. Kuluba ikawa moja ya mahali pa kuwapokea watu, ambapo huandikishwa, hupimwa, hupewa chakula, halafu husubiri magari ya kuwapeleka kwenye makazi. Mahali kama hapo watoto wanalala wamebanana, moshi wa kuni haukatiki, na wengi wamefika wamechoka na njaa. Nimonia haiombi mwaliko zaidi ya huo.

Ufundi wenyewe ni huu. Pafu zima ni laini, hujaa hewa bila taabu. Nimonia ikiingia, vifuko vidogo vya hewa vinajaa majimaji na usaha, pafu linakuwa gumu, na oksijeni inapata shida kuvuka kuingia kwenye damu. Mtoto mdogo hana nguvu za kuvuta pumzi ndefu kwa pafu gumu. Linalomgharimu kidogo ni pumzi fupi fupi, nyingi. Ndiyo maana idadi hupanda kabla ya dalili nyingine nyingi kuonekana: mwili unalipa deni la oksijeni kidogo kidogo, mara nyingi. Ugumu ukizidi, hata pumzi fupi inadai nguvu. Kiwambo kinavuta kwa kishindo, na kwa kuwa mbavu za mtoto bado zina gegedu laini nyingi, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapokutana na tumbo, inabonyea ndani wakati ambapo ingepaswa kutanuka. Baada ya hapo tundu za pua zinapanuka, kichwa kinanesa kwa kila pumzi, na mtoto anaguna mwishoni mwa kila pumzi kama anayezuia hewa isimtoke yote. Midomo kugeuka rangi huja mwisho, na anayeisubiri ishara hiyo amechelewa.

Namba ni tatu, na kila mhudumu wa ngazi ya chini amezikariri. Mtoto wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Wa miezi miwili hadi kumi na moja: 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano: 40 au zaidi. Ukizisoma tu unaona ni hesabu ya darasa la pili. Ugumu wake uko kwenye dakika.

Kwanza, iwe dakika kamili. Mwenye haraka huhesabu sekunde 15 akazidisha kwa nne, na hapo kosa la pumzi moja limeshakuwa kosa la pumzi nne, yaani mtoto wa 48 ameandikwa 52 na kupewa dawa, au wa 52 ameandikwa 48 na kurudishwa nyumbani. Watoto wachanga, tena, hawapumui kwa mpangilio. Huenda kasi, wakasita, wakaenda tena. Ukimkuta mchanga ana 60 au zaidi, unahesabu mara ya pili kabla ya kuamini. Pili, mtoto atulie. Anayelia huwezi kumhesabu, anayenyonya naye usimhesabu, kwa sababu kunyonya kuna pumzi zake. Aliyelala ni zawadi.

"Mama, usimwamshe. Mwache hivyo hivyo."

"Sista, hajalala vizuri tangu juzi."

"Ndiyo maana nasema tusimwamshe. Pandisha shati tu, polepole."

Mazungumzo ya namna hiyo husikika kwenye vituo vya afya kila siku, na ndani yake mna mpangilio mzima wa kazi: jicho kwanza, mkono mwisho. Mhudumu mwenye pupa huanza na kipimajoto kwapani au kifaa cha kusikilizia kifuani, mtoto anashtuka, analia, na dakika imekwenda. Fundi anahesabu wakati mama bado anaeleza, macho yakiwa kwenye tumbo la mtoto, pale panaponyanyuka na kushuka. Hata kubonyea kwa kifua kuna adabu yake ya kukutazama. Mtoto alazwe sawasawa, maana akiwa amekunjwa kiunoni kifua hakisomeki. Pua zilizoziba zisafishwe kwanza. Kubonyea kuwe wakati wa kuvuta pumzi, kuwe kunaonekana dhahiri, kuwe kwa kila pumzi. Ngozi ya katikati ya mbavu ikiingia kidogo tu, au kifua kikibonyea mara moja moja mtoto anapolia, hiyo siyo ishara inayotafutwa. Nimewaona watu wazima wenye stashahada wakibishana juu ya kifua kimoja, mmoja akiona kinabonyea na mwingine haoni, mpaka mtoto alipolazwa upya na ubishi ukaisha wenyewe.

Haya yote hayakushushwa kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari wa watoto kutoka Australia, Frank Shann, alikuwa akifanya kazi Goroka, nyanda za juu za Papua New Guinea, kwenye wadi iliyofurika watoto wenye nimonia. Eksirei zilikuwa chache na maabara ndogo. Uchunguzi wa majimaji yaliyotolewa moja kwa moja kwenye mapafu ya watoto ulikuwa umeonyesha kwamba bakteria, hasa nimokoka na Haemophilus influenzae, walikuwa wengi mno. Kwa hiyo dawa ya kawaida ya kuua bakteria ingeokoa wengi. Swali likawa: nani apewe? Mwaka 1984 Shann na wenzake walichapisha kazi iliyolinganisha ishara mbalimbali, wakaonyesha kwamba kasi ya pumzi inamtenga mtoto anayehitaji dawa na mwenye mafua tu, na kubonyea kwa kifua kunamtenga anayehitaji kulazwa. Kifaa cha kusikilizia mapafu, ambacho Laennec alikibuni Paris mwaka 1816 na tangu hapo kikawa alama ya udaktari, hakikuhitajika. Tafiti za India na Gambia zilifuata, Shirika la Afya Duniani likaichukua hesabu hiyo, likaipunguza hadi 40 kwa watoto waliovuka mwaka, na ikaenea.

Kilichobadilika hapo kilikuwa kikubwa kuliko kifaa kimoja kuwekwa kando. Tangu zamani daktari amejiuliza: huyu ana nini? Ufundi wa Goroka uliuweka kando ule usomi wa kutaja ugonjwa kwa jina lake kamili, ukauliza: huyu nimfanyie nini sasa hivi? Maswali hayo mawili si ndugu wa karibu kama yanavyoonekana. La kwanza linataka ukweli, na ukweli wa nimonia ni mgumu hata kwa wenye mashine, maana wasomaji wawili wa eksirei moja mara nyingi hawakubaliani. La pili linataka uamuzi, na uamuzi unaweza kufikiwa kwa mkono mtupu. Chati ya wahudumu imechora jambo hilo kwa rangi: pinki, mpeleke hospitali haraka, njano, mpe dawa na umfuatilie, kijani, mtunze nyumbani na umwambie mama arudi akiona hali imebadilika. Mtoto anaingizwa kwenye rangi kwa yale anayoyaonyesha. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au kupoteza fahamu, anayetoa mkoromo wakati ametulia, anakwenda pinki bila kujali namba yoyote. Mchanga wa chini ya siku saba mwenye pumzi za kasi naye ni wa hospitali.

Najua baadhi ya madaktari huidharau chati hiyo. Wanasema inamfanya mhudumu asifikiri. Mimi naona inachagua tu mahali pa kufikiria: inamwondolea mhudumu mzigo wa kukisia, inamwachia kazi ya kuona. Na kuona sawasawa ni kazi ya akili kuliko wanavyodhani wasiowahi kukaa dakika nzima wakitazama tumbo la mtoto mwenye homa huku foleni inasukuma mlango.

Ushahidi kwamba kazi hiyo inaweza kukabidhiwa mtu asiye na koti jeupe ulipatikana, pamoja na kwingineko, kwenye pwani yetu wenyewe. Bagamoyo, Tanzania, mradi ulioelezwa na Mtango na Neuvians mwaka 1986 uliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuitambua nimonia, kuitibu kwa kotrimoksazoli, ile septrini ya enzi hizo, na kuwapitia watoto majumbani mwao. Vifo vya watoto vikapungua. Miaka mingi baadaye, mwaka 2003, watafiti Sazawal na Black walizikusanya tafiti za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali, wakakuta vifo vya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka kwa asilimia 36. Hakuna jengo lililojengwa kupata asilimia hizo. Kulikuwa na mtu wa kijijini, dawa ya bei ndogo, na saa.

Uganda ilichukua njia hiyo hiyo. Kuanzia 2010 wanakijiji wa timu za afya, wale wanaochaguliwa na majirani zao na ambao hawalipwi mshahara, walianza kufundishwa kutibu nimonia, malaria na kuhara chini ya mwembe. Mfukoni wana amoksilini, vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji, vipimo vya malaria, chumvi ya kuongeza maji na zinki. Kipindi hicho dawa ilikuwa imebadilika kutoka septrini, na mwaka 2014 kukawa na badiliko jingine lililoonyesha imani kubwa zaidi kwa jicho la mhudumu: Shirika la Afya Duniani lilisema mtoto mwenye kifua kinachobonyea, ilimradi hana dalili za hatari, anaweza kutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza mara mbili kwa siku. Kabla ya hapo angelazwa apigwe sindano. Kwa mama wa Kuluba mwenye watoto wengine wanne nyumbani, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosomeka kwenye mwongozo.

West Nile, hata hivyo, haikuanza kutibu kwa macho juzi. Karibu na Arua kuna hospitali ya misheni ya Kuluva, ambayo jina lake wageni hulichanganya na Kuluba. Humo alifanya kazi Ted Williams, daktari Mwingereza aliyeandika kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu wa karani wa benki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alikuwa amechapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, uvimbe ambao mtu yeyote angeuona kwa macho. Mwaka 1961 Burkitt, Williams na daktari mwingine, Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka mashariki na kusini mwa Afrika wiki kumi, maili 10,000 hivi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi, wakiuliza: mmewahi kuona mtoto mwenye taya kama hii? Majibu yalitiwa kwenye ramani, na ramani ikaonyesha kwamba uvimbe unafuata joto na mvua. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakipata kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Ramani ilitangulia, hadubini ikafuata. Huwa naikumbuka safari ile kila ninaposikia mtu akisema kwamba ishara inayoonekana na kila mtu haiwezi kuzaa elimu kubwa.

Mtihani mgumu zaidi wa ufundi huu Kuluba una jina, nao ni malaria. Huku mbu hawapumziki, na mtoto mwenye homa huhesabiwa ana malaria kabla hajafika mlangoni. Homa yenyewe huongeza pumzi. Mwaka 2004 Karin Källander na wenzake walichapisha uchunguzi wa vituo 14 vya afya vya Uganda: karibu theluthi moja ya watoto wagonjwa walikuwa na dalili zinazolingana na malaria na nimonia kwa pamoja. Hii ina maana kwamba mhudumu anayetoa dawa ya malaria na kusema "nenda, atapona" huenda anawarudisha nyumbani watoto wengi wenye magonjwa mawili, akiwa ametibu moja. Malaria na nimonia hukaa kifua kimoja bila kugombana.

Hapo tena jicho husaidia, lakini lazima liwe limefundishwa. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, Kevin Marsh na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba mtoto mwenye malaria kali anayehangaika kupumua yuko kwenye hatari kubwa ya kufa. Wengi wa watoto hao walikuwa na damu iliyojaa asidi, na pumzi zao ni ndefu, za kina, kifua kizima kikipanda na kushuka, mapafu yenyewe yakiwa safi. Pumzi ya nimonia mara nyingi ni fupi na ya juu juu. Ukihesabu tu bila kutazama namna ya pumzi, hao wawili wanaweza kukupa namba moja. Mwenye pumu au anayekoroma kifuani naye ana hila zake: anapewa kwanza dawa ya kutanua njia za hewa, anangojewa robo saa hivi, kisha anahesabiwa upya. Mara nyingi namba imeshuka, na amoksilini imebaki koponi.

Nisije nikausifu ufundi huu hadi nikaudanganyia. Hesabu ya pumzi inawakamata wengi wasio na nimonia ya bakteria. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, uliofanyika nchi saba, Kilifi ikiwemo, ulikuta kwamba kwa watoto waliolazwa na nimonia iliyoonekana kwenye eksirei, virusi walikuwa chanzo cha zaidi ya nusu, na kirusi kimoja, kile cha RSV, peke yake kilihusika na karibu theluthi. Amoksilini haiui virusi. Lilongwe, Malawi, watafiti walithubutu kuwapa baadhi ya watoto wenye pumzi za kasi tu, wasio na kubonyea kwa kifua, vidonge visivyo na dawa ndani, chini ya uangalizi mkali. Matokeo ya mwaka 2019: waliopewa dawa, asilimia 4 hawakupata nafuu, wasiopewa, asilimia 7. Kwa hesabu hiyo unatibu watoto 33 hivi ili umwokoe mmoja asizidiwe. Wengine 32 wamekunywa dawa ambayo labda hawakuihitaji, na kila dozi isiyohitajika inawafundisha bakteria ukaidi.

Mtu wa Ulaya akiisoma namba hiyo anaweza kusema: basi, subirini. Kule mama atampigia daktari simu usiku, na gari la wagonjwa litafika. Kuluba, mama anayeambiwa asubiri anasubiri ng'ambo ya mto uliojaa, au ndani ya lori linaloelekea makazini. Kukosea kwa kutoa dawa kuna gharama. Kukosea kwa kuinyima kuna gharama nyingine, nayo hairudishwi. Waliozipanga namba zile walijua hivyo, wakachagua upande wa kukosea, wakauandika wazi. Nauheshimu uamuzi huo kuliko ningeheshimu ishara ambayo haikosei kamwe, ambayo tena haipo.

Njia ya kupunguza dawa zisizohitajika, kwa maoni yangu, ni chanjo kwanza na mashine baadaye. Uganda iliingiza chanjo ya Hib, yaani ya Haemophilus influenzae aina ya b, mwaka 2002 na ya nimokoka ikaanza 2013, na bakteria wale wawili walioijaza wadi ya Goroka wamepunguziwa nafasi. Mtoto aliyechanjwa anayepumua haraka leo si yule yule wa mwaka 1984. Hesabu inabaki ile ile. Maana yake inabadilika taratibu, na miongozo italazimika kuifuata.

Vifaa navyo havikosi kubuniwa. Kuna saa ya UNICEF inayogonga kila sekunde na kulia dakika ikiisha, ili jicho lisihame kutoka tumboni kwenda kwenye mshale. Kuna shanga za rangi zilizotungwa kwenye uzi: mhudumu anasogeza shanga moja kwa kila pumzi, na akifika kwenye rangi nyingine kabla ya muda kwisha, mtoto anapumua haraka. Asiyejua kusoma anaweza kuitumia, na napenda kwamba tasbihi hiyo ya hospitali inaonekana imetoka nyumbani. Vijana wa Makerere, Olivia Koburongo na Brian Turyabagye, walibuni koti la kumvalisha mgonjwa, Mama-Ope, lenye vihisio vya joto, pumzi na sauti za mapafu, baada ya bibi yake Koburongo kuzungushwa hospitali hadi nimonia yake ikatambuliwa kwa kuchelewa. Mwaka 2017 waliingia kwenye orodha fupi ya kuwania tuzo ya uhandisi barani Afrika. Kichocheo chao nakielewa vizuri. Wasiwasi wangu ni chaji, vipuri, na yule mtoto wa nne kwenye foleni wakati koti bado limevaliwa na wa kwanza.

Kifaa ninachokiunga mkono bila kusita ni kile kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kuna watoto ambao kifua chao hakibonyei na namba yao si ya kutisha, lakini oksijeni yao iko chini ya asilimia 90, na jicho haliwezi kuliona hilo. Hao wanafia kijani na njano. Ila kipimo hicho kinadai kitu mbele yake: oksijeni yenyewe. Ndiyo maana kazi iliyofanywa mjini Jinja, Uganda, ya kuzalisha oksijeni ya wodini kwa nguvu za jua, naiona ni mwenza wa kweli wa hesabu ya pumzi. Kumwambia mama kwamba mtoto wake amepungukiwa hewa, halafu huna hewa ya kumpa, ni ukatili wa kisayansi.

Kazi haiishi dawa ikitolewa. Mama anaambiwa arudi siku ya tatu, au mapema akiona mtoto hawezi kunywa, anazidiwa, au homa inapanda. Akirudi, kila kitu kinarudiwa: mapajani, nguo juu, dakika nzima. Namba ya leo inalinganishwa na ya juzi. Kutoka 58 hadi 44 kwa mtoto wa miezi minane, dawa inafanya kazi, amalize siku tano. Kutoka 58 hadi 57, na bado hali chakula, kuna jambo jingine: dawa haikumezwa, au bakteria ni wakaidi, au kuna kifua kikuu, au mama ana virusi vya UKIMWI na mtoto hajapimwa. Hesabu ya pili inasema mengi kuliko ya kwanza, na ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi.

Kwenye mpaka kama huu kuna shida ya ziada. Siku ya tatu mama hayupo. Amekwenda makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, Yumbe, au amewafuata jamaa zake kwenye makazi ya Lobule, au amerudi Kaya kuangalia kama mtama wake haujaibwa. Uganda wagonjwa hubeba kumbukumbu zao wenyewe kwenye daftari la shule, lile la kurasa chache lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mhudumu atakayelifungua huko aendako mtoto huenda asijue Kikakwa, asimjue aliyeandika, asielewe mwandiko. Akikuta "pumzi 58, kifua hakibonyei, anakunywa", na tarehe, ana mahali pa kuanzia. Atahesabu ya kwake, ataiandika chini. Akikuta "anapumua haraka, amepewa dawa", hana kitu. Haraka ya nani? Kiasi gani? Nimeyaona madaftari ya aina ya pili mengi mno, na sioni udhuru wake, kwa sababu aliyeandika hivyo ama alihesabu akaona uvivu kuandika tarakimu mbili, ama hakuhesabu.